Samadi ya Farasi kutoka Timau

Ciakuthii hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama katika chumba cha dobi cha hospitali moja mjini Embu, akilisha mashine shuka chafu na kuzitoa zikiwa safi, na siku aliyostaafu wenzake walimpa kiti cha kupumzikia chenye mto wa buluu. Kiti hicho kilipata kazi ya kubeba nguo zinazongoja pasi. Wiki ya pili haikuisha kabla hajafagia uwanja wa ploti nzima alikopanga, hadi majirani wakaanza kuona haya kutupa hata ganda la ndizi. Mwanawe Munyi, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alimpigia simu na kumwambia, "Mama, sasa pumzika." Akajibu kwamba anapumzika. Alikuwa akizungumza huku anapanguza madirisha.

Kanisa lake ndilo lililomwokoa. Lilikuwa na ardhi kando ya mto Kapingazi, iliyokuwa shamba la kahawa zamani. Kahawa iling'olewa, na wazee wa kanisa wakaamua kuwagawia waumini wanaoishi nyumba za kupanga, watu wasio na hata pa kuchomeka kitunguu. Vilitoka vipande kumi na tisa, kila kimoja ukubwa wa darasa. Ciakuthii akapata cha kumi na moja. Jirani yake wa kushoto alikuwa Nelius, mjane mwenye watoto watatu, aliyepanda nyanya na kuziuza mwenyewe sokoni. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Gachoki, mwalimu mstaafu, mzee mrefu asiyesema neno mara mbili.

Tatizo lilikuwa udongo. Kahawa ilikuwa imeunyonya miaka na miaka, ikauacha mwekundu na mgumu. Mvua ikinyesha unashikana kama tofali, jua likiwaka unapasuka. Maharagwe yalichipuka tayari yana rangi ya manjano. Ciakuthii alitia majivu. Alitia mbolea ya kuku, ikamuunguzia sukuma wiki kwa siku tatu. Akapanda mpaka Kianjokoma, akafika na Kibugu kwenye majani chai, akitafuta samadi ya ng'ombe boma hadi boma. Watu walimkaribisha, wakampa chai, wakamweleza kwa upole kwamba yao haiwatoshi. Bibi mmoja wa Kibugu alimsindikiza mpaka kwenye lango akamwambia, "Mwanangu, huku mavi yana mwenyewe kabla ng'ombe hajanya."

Akarudi mjini na viatu vyenye matope na roho isiyotulia. Kila alipopita kwenye kipande chake alikiona kama mgonjwa aliyelazwa bila dawa.

Mwezi wa Januari alikwenda Timau kumtembelea dada yake mdogo, Felicitas, aliyeolewa Meru. Mume wa Felicitas, Mbae, alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba moja kubwa juu ya Timau ambako wageni hufika kupanda farasi. Ciakuthii hakuwa amewahi kumwona farasi kwa karibu, basi asubuhi ya pili alimfuata shemejiye kazini. Ciakuthii aliwatazama farasi akatosheka. Kilichomshika ni rundo lililokuwa nyuma ya mazizi, refu kuliko mtu, likitoa mvuke kwenye ule ubaridi. Akalisogelea, akaligusa kwa mgongo wa mkono kama alivyokuwa akipima joto la shuka. Lilikuwa moto. Halikunuka alivyodhani, lilinukia nyasi zilizolowa na maranda ya mbao.

"Hii mnaifanyia nini?" akauliza.

"Hiyo? Tunatupa huko chini kwa korongo," Mbae akasema. "Meneja huwa anauliza kila wiki itatoka lini."

Ciakuthii alisimama pale mpaka Mbae akamwita mara mbili. Siku hiyohiyo alimuaga dada yake, ingawa alikuwa amesema atakaa wiki.

Jumamosi iliyofuata aliwaeleza wenzake wa kikundi. Wengine walicheka. Farasi? Nani amewahi kulima na mavi ya farasi? Gachoki hakucheka, ila alisema alisoma mahali kwamba farasi hacheui, kwa hiyo mbegu za magugu hupita tumboni mwake zikiwa nzima. Ciakuthii akajibu kwamba rundo lile lina joto la kupika yai, mbegu gani itabaki? Alizungumza haraka, akisimama na kukaa na kusimama tena. Nelius ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

"Mama Munyi akisema ni nzuri, mimi naingia," akasema. "Amezunguka kuliko sisi wote."

Wakaingia watu wanane. Kinyua, kijana wa kanisani aliyepeleka maembe Meru kila Jumanne kwa lori lake dogo la Canter, alikubali kupanda mpaka Timau baada ya kushusha mzigo, badala ya kurudi mtupu. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Ikakubaliwa safari iwe Jumanne ya mwisho ya Februari.

Jumanne hiyo Ciakuthii alifika kituo cha mafuta kabla ya Kinyua, amevaa gamboti, amebeba magunia matupu na koleo mbili. Njia nzima aliitazama saa. Waliposhusha maembe Meru alishuka akasaidia kushusha, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mbae aliwangoja mazizini. Aliwasalimia, akamuuliza shemejiye habari za safari, kisha akamshika kiwiko akamsogeza kando, mbali na Kinyua.

"Shemeji, kuna jambo. Ningekupigia simu lakini jana ndiyo nimesikia." Akaonyesha marundo mawili. Moja lilikuwa dogo, jeusi, limepoa. La pili ndilo lile kubwa lenye mvuke. "Hili dogo ni la mwaka juzi, halina shida. Hili kubwa, tangu Oktoba tulikuwa tunalisha farasi nyasi kavu za kununua. Marobota. Sasa mzee wa bustani hapa alichukua akatia kwa maharagwe yake. Yamejikunja. Meneja anasema huenda nyasi zilipigwa dawa ya magugu kule zilikotoka, na hiyo dawa hupita kwa farasi ikatoka vile iliingia."

"Anasema huenda, ama anajua?"

"Anasema huenda. Mimi ni mtu wa farasi, shemeji, si mtu wa maharagwe. Lakini ungechukua hili dogo, hilo lingine tungoje."

Ciakuthii alilipima rundo dogo kwa macho. Magunia ishirini, si zaidi. Alikuwa amewaahidi watu wanane lori zima. Akaiona sura ya Nelius akiwa ameinua mkono. Kinyua alikuwa tayari amerudisha lori kinyumenyume hadi kwenye rundo kubwa na kufungua mlango wa nyuma, na sasa alikuwa akitazama mawingu.

"Joto lile linaua kila kitu," Ciakuthii akasema.

Mbae hakubisha. Alikuwa amesema aliyopaswa kusema, na huyu alikuwa dada mkubwa wa mkewe.

Wakajaza magunia ishirini kutoka rundo dogo, kisha wakapakia lile kubwa kwa koleo mpaka lori likashuka kwenye springi zake. Ciakuthii alichota kuliko wanaume wawili. Mbae alipomwambia apumzike anywe chai, alikataa. Alitaka kuondoka pale.

Mvua iliwakuta karibu na Nkubu. Kinyua akafunga turubai vizuri, lakini samadi ilizidi kuwa moto chini yake, na mvuke ukawa unatoka pembeni kama jiko. Walipofika kizuizi cha polisi mbele ya Chuka, askari aliwasimamisha, akazunguka lori mara moja, akanusa.

"Mnachoma makaa mkiwa safarini?"

"Ni samadi, afande," Kinyua akasema.

"Samadi inatoa moshi?"

Ciakuthii akashuka, akapanda juu ya gurudumu, akafungua kona ya turubai. Askari alichungulia, akatia ncha ya rungu, akaitoa akaitazama. Akauliza ni ya mnyama gani. Alipoambiwa ni ya farasi, aliwaita wenzake wawili waje waone, na mmoja akaomba kidogo kwa ajili ya bustani ya mkewe. Ciakuthii alikuwa ameanza kusema "chukua tu" akajikatiza. Akaingia ndani ya lori, akafungua gunia moja la lile rundo dogo, akamjazia kwenye mfuko wa nailoni. Kinyua akashangaa.

"Mama, si ungempa hii ya juu? Iko nyingi."

"Hii ya gunia imeshalainika," akasema.

Hapo ndipo alipojijua. Mtu mgeni, asiyemfahamu hata jina, amempa iliyo safi. 

Watu walikuwa wakingoja mtoni na wilibaro na karai. Ilikuwa karibu saa kumi na moja, mvua imekatika. Walipoona mzigo walishangilia, wanawake wakamkumbatia Ciakuthii na gamboti zake, na Gachoki mwenyewe akashika koleo. Wakagawana kwa haki, wilibaro kwa wilibaro. Magunia ishirini yalipobaki pale chini, Nelius akasema, "Hayo yawe ya Mama Munyi. Ndiye aliyetoka jasho." Wote wakakubali.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Alifungua kinywa. Aliona wilibaro ya Nelius ikiwa imejaa, na binti yake mkubwa akiisukuma kwa furaha, akafunga kinywa, akasema asante.

Kesho yake alichukua makopo mawili ya mafuta ya kupikia. Moja alilijaza udongo na samadi ya magunia, la pili akalijaza udongo na samadi iliyotoka kwa Nelius, aliyoiokota njiani ilikomwagika. Akapanda maharagwe manne manne, akayaweka dirishani. Alijiambia kwamba akiona yameota sawa, basi hakuna aliyekosewa, na habari ya Mbae itakuwa maneno tu.

Siku zile hazikuisha. Aliyatazama makopo asubuhi kabla ya kunawa uso. Aliyatazama akirudi dukani. Alitembea hadi mtoni mara mbili, mara tatu kwa siku, akawakuta wenzake wakichimbia samadi ardhini, wakiimba, na kila jembe lililoshuka alilisikia kifuani. Nelius alimwonyesha kitalu chake cha miche ya nyanya, mia tatu, na kumwambia kwamba mwaka huu atalipa karo ya muhula wa pili bila kumpigia mtu magoti. Ciakuthii akamnong'oneza asiwe na haraka, aache samadi ikae ardhini kwanza.

"Si wewe ulisema ina nguvu mara moja?" Nelius akauliza akicheka.

Siku ya saba maharagwe yaliota katika makopo yote mawili, ya kijani, yamesimama wima. Ciakuthii aliketi kwenye kile kiti chenye mto wa buluu kwa mara ya kwanza tangu alipopewa. Akalia kidogo.

Siku ya kumi na moja majani ya pili yalifunguka. Katika kopo la kwanza yalikuwa mapana kama kiganja. Katika la pili yalikuwa membamba, yamejikunja kuelekea ndani kama ngumi ya mtoto mchanga, na shina limejipinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Yote manne.

Mvua ilikuwa imekwisha kuanza tangu juzi. Alichukua makopo, moja mkono huu na moja mkono ule, akatoka na ndara, akakimbia alivyoweza. Alimkuta Nelius kwenye mstari wa mwisho. Miche mia tatu ilikuwa ardhini.

Wengine walikuwa wamejikinga na manyunyu chini ya kibanda cha vifaa, na Gachoki alikuwa pamoja nao. Ciakuthii alisimama mbele yao akitweta.

"Ngojeni," akasema. "Msipande. Hii samadi ina dawa."

Akawaonyesha makopo. Akawaeleza nyasi za marobota, mzee wa bustani, na maneno ya Mbae. Hakuacha kitu. Alipofika pale Mbae alipomshika kiwiko, mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulijua siku ile, kabla ya kupakia?"

"Niliambiwa huenda. Nilijua vya kutosha."

"Na magunia yako?"

"Magunia yangu ni ya rundo lingine. Hayo ni safi. Na hilo pia nilijua."

  Mvua ilipiga bati. Nelius alikuwa amesimama nje ya kibanda, matope mpaka magotini, anamwangalia.

"Ulininong'oneza nisiwe na haraka," akasema. "Ulikuwa na mdomo wa kuninong'oneza."

Akageuka, akarudi kwenye mistari yake, akaanza kung'oa miche mmoja mmoja, akiilaza kwenye karai. Ciakuthii alimfuata ili amsaidie. Nelius akamwambia asiguse.

Gachoki alilichukua kopo la pili, akaligeuzageuza, akagusa yale majani kwa kidole. Kisha akampigia simu Maxine, afisa wa kilimo wa wadi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Maxine alifika mchana huohuo kwa pikipiki, na koti la mvua lililomzidi. Akatazama makopo, akauliza maswali mengi mafupi. Akasema amewahi kusoma juu ya dawa za namna hiyo ingawa hajakutana nazo shambani, kwamba joto la rundo haliziui, na kwamba huisha zenyewe ardhini polepole, udongo ukigeuzwa na kupata maji. Maharagwe, njegere, nyanya na viazi wavisahau kwa msimu huu, pengine hata unaofuata.

"Na mahindi?" Gachoki akauliza.

"Mahindi ni jamii ya nyasi, mwalimu. Hiyo dawa imetengenezwa isiguse nyasi. Mahindi hayatajua kuna kitu."

Wakapanda mahindi. Haikuwa walichotaka, hakuna aliyeomba kipande kando ya mto ili alime mahindi. Lakini waliyapanda.

Jioni ile Ciakuthii alikwenda hadi nyumbani kwa Nelius. Hakuketi, na hakukaribishwa kuketi. Alisema kwa kifupi: kipande cha kumi na moja kina samadi safi, kimelimwa, kipo tayari. Achukue yeye apande nyanya zake, na Ciakuthii atachukua kile cha Nelius apande mahindi.

Nelius alikuwa akimsuka binti yake nywele. Alimaliza msuko mzima kabla ya kujibu.

"Kwa msimu mmoja?"

"Mpaka udongo wako upone. Hata ikiwa miaka miwili."

"Sawa, Ciakuthii," Nelius akasema.

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake hivyo, kavu. Sikuzote alikuwa Mama Munyi. Ciakuthii alilisikia jina lake njia nzima ya kurudi.

Miche iliyong'olewa ilikufa zaidi ya nusu. Iliyosalia ilishika katika kipande cha kumi na moja, ikazaa vizuri, ingawa si ya kutosha karo nzima, na Nelius akampigia mtu magoti, kama kila mwaka. Mahindi nayo yalikuwa na majani ya kijani kizito, marefu hata watu wa barabarani wakawa wanasimama kuyatazama. Walipomsifu Ciakuthii, aliwaambia yalivyopatikana. Aliwaambia wote, hata wasiouliza. Gachoki alimwambia siku moja kwamba inatosha sasa, watu wamesikia.

Kutulia hakutulia. Aliendelea kuja mtoni kila asubuhi, akigeuza ule udongo wa Nelius katikati ya mistari ya mahindi, kwa kuwa Maxine alisema kugeuza kunasaidia. Waliinama jirani, mmoja huku mmoja kule, wakisalimiana kama watu wa ofisi moja. Mwezi wa Juni Nelius alimpitishia nyanya nne juu ya mpaka. Wa Julai alimwomba jembe la meno. Baada ya mahindi kuvunwa, Ciakuthii alipanda maharagwe machache pembeni, kwa kujaribu. Yalikunjika kidogo, si sana. Mwezi wa Oktoba akajaribu tena, yakasimama.

Wakati huo wenye vipande wengine walikuwa wameanza kusema habari ya samadi. Rundo dogo la mwaka juzi lilikuwa limewashawishi. Nyanya za Nelius zilikuwa ushahidi. Kikundi kikaketi bila Ciakuthii, kikaamua kumtuma mtu Timau, na mtu huyo asiwe yeye. Gachoki ndiye aliyemjulisha, akiwa ameshika kofia mkononi. Ciakuthii alisema ni haki. Akampa namba ya simu ya Mbae, akaenda nyumbani akapanguza madirisha ambayo hayakuwa na vumbi.

Jumanne asubuhi alisikia mlango ukigongwa. Alikuwa Nelius, amevaa gamboti za kuazima, na nyuma yake, kwenye barabara ya murram, Canter ya Kinyua ilikuwa inanguruma.

"Ni mimi nimetumwa," Nelius akasema. "Kikundi hakikusema niende peke yangu."

"Walisema nisiwe mimi."

"Walisema usiwe wewe wa kuamua. Hiyo ni kweli, huamui. Mimi ndiye nitaongea na shemeji yako, nimuulize kila robota limetoka wapi, na akinijibu 'huenda' tunarudi bila kitu." Akatazama kando, kuelekea lori. "Lakini mimi sijui njia ya huko juu, na Kinyua anasema wewe unachota kama watu wawili."

Ciakuthii alikwisha kushika koleo kabla hajamaliza.

Kule Timau Nelius alimhoji Mbae kwa karibu saa nzima. Alitaka kuona ghala la nyasi. Alitaka kuzungumza na mzee wa bustani, akaitiwa. Ciakuthii alikaa kando na Felicitas, mikono imefumbatwa ili isifanye kitu. Walirudi na magunia kumi na manne tu, ya samadi ya zamani iliyokuwa imesalia nyuma ya ghala, nusu lori tupu. Kinyua alinung'unika kwamba ni safari ya bure. Nelius akamwambia aendeshe, akamsogelea Ciakuthii kwenye kiti ili mlango ufungike, na walipofika Nkubu alikuwa amelala, kichwa kwenye bega lake, na Ciakuthii akakaa bila kutikisika mpaka Chuka.